DAKTARI ADRIAN ATIMAN WA KAREMA

Katika historia ya Ukristo mwambao mwa Ziwa Tanganyika, jina la Adrian Atiman linaheshimiwa hata na wasio wa Kanisa Katoliki. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika walimnunua, wakampa uhuru. Ukombozi wa namna hiyo ulikuwa na ila yake, kwa kuwa fedha ya huruma iliishia mkononi mwa muuzaji. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alizunguka Ulaya akidai biashara yenyewe ikomeshwe.

Baada ya masomo ya uganga huko Malta, Atiman alifika Karema mwaka 1889, wakati Ujiji ilipokuwa bado kituo kikuu cha misafara ya pembe na watumwa kutoka Manyema. Serikali ya Kijerumani iliikomesha biashara hiyo, lakini utumwa wenyewe haikuufuta. Ilihofia mashamba kukosa wafanyakazi, na matajiri walioisaidia kutawala kugeuka adui. Kwa hiyo uhuru ulitolewa vipande vipande. Mwaka 1901 mtumwa aliruhusiwa kujikomboa kwa malipo, akapewa siku mbili kila juma za kujifanyia kazi. Amri ya mwaka 1904 ilitangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Hivyo, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa mwaka 1905 na mdogo wake wa mwaka 1906, waliweza kuwa mtumwa na mwungwana chini ya paa moja! Upole wa sheria hiyo ulikuwa kwa mabwana, si kwa watumwa.

Mwaka 1912 Bunge la Ujerumani lilitaka utumwa ukome ifikapo 1920, serikali ilikataa. Ulifutwa mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Muda huo wote Atiman, aliyepata uhuru wake utotoni, alikuwa akitibu na kufundisha dini Karema. Alioa Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Atiman alifariki mwaka 1956, akiwa amehudumu mwambao huo kwa miaka 67.