Habari za Elizabeth Farrell, Mwangalizi wa Watoto Walioachwa Nyuma

Kila mwenye kufundisha amepata kumwona mtoto aketiye nyuma ya darasa mwaka baada ya mwaka, wenzake wakipanda, naye akibaki. Ni rahisi kumwita mjinga na kumwacha. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mwanamke wa Marekani aliyemtetea mtoto huyo, si kwa huruma tu, bali kwa kazi yenye utaratibu.

Elizabeth Farrell alizaliwa mwaka wa 1870 katika mji wa Utica, jimbo la New York. Alijifunza ualimu katika chuo cha Oswego, kilichojulikana kwa kufundisha kwa vitu vinavyoonekana na kushikwa, wala si kwa kukariri maneno matupu. Kisha akafundisha shule ndogo ya mashamba, ambamo watoto wa umri mbalimbali walikaa pamoja. Humo alizoea kumpa kila mtoto kazi impasayo.

Baadaye akahamia mji wa New York, akakaa katika nyumba ya Lillian Wald, muuguzi aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Henry. Mtaa ule ulijaa watu waliohamia kutoka Ulaya, na shule zake zilisongamana. Mwaka wa 1899, katika Shule Namba 1 ya hapo, Bibi Farrell aliwakusanya wavulana ambao shule ilikuwa imewachoka: waliozidi umri wa darasa lao, watukutu, na wazito wa kufahamu, wa miaka 8 hata 16. Hakuanza kwa vitabu, bali kwa mbao, rangi na picha. Hata walipopata furaha ya kutenda jambo likafaulu, ndipo akawaingiza katika masomo.

Wakuu wa elimu wakaiona kazi yake, na mwaka wa 1906 wakamfanya Inspekta wa madarasa ya namna hiyo katika mji wote. Hapo ndipo mzigo ulipozidi. Maana darasa la pekee lina hatari yake: mwalimu aliyechoka aweza kulifanya jalala, akamtupa humo kila mtoto amsumbuaye. Kwa hiyo haikutosha mkuu wa shule kumtaja mtoto. Ilipasa apimwe kwanza, na daktari amtazame, kwani pengine asiyefahamu ni asiyesikia, au asiyeona vizuri, au mwenye njaa.

Kisha likaja jaribu. Katika miaka ya 1911 na 1912 Henry Goddard, mtaalamu wa kupima akili, aliitwa kuzichunguza shule za mji. Akawapima watoto kadha wa kadha, kisha akakadiria ya kuwa wenye akili pungufu katika shule zote ni kama 15,000. Hesabu ile ilitoka kwa mtu mwenye sifa kubwa, walakini Bibi Farrell hakuikubali, akaipinga waziwazi. Kumwandika mtoto kuwa mpungufu wa akili ni kumfungia mlango wa maisha yake. Basi neno kubwa namna hiyo halifai kutolewa kwa makisio. Mwaka wa 1928 Goddard mwenyewe aliyageuza mengi aliyokuwa ameyafundisha juu ya watu hao.

Mwaka wa 1922 Bibi Farrell na walimu wenzake waliunda baraza la elimu ya watoto wenye mahitaji ya pekee, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka wa 1932, lakini baraza lile lingali hai. Na mwaka wa 1975 Marekani ilitunga sheria ya kwamba kila mtoto mwenye ulemavu aandikiwe mpango wake wa masomo, wazazi wake washiriki, nao uangaliwe tena kila mwaka. Leo katika wilaya za shule wako wasimamizi wa kuhakikisha ya kwamba yaliyoandikwa yanatendwa.

Basi sisi tushikao daftari la majina tujifunze hapa. Kuandika neno juu ya mtoto ni kazi ya dakika moja, bali yeye atalichukua miaka mingi. Kabla hatujaandika, tumwite kwanza, tumtazame, tumsikilize yeye na wazazi wake.