Bakor wa Lamu: Fundi aliyehariri sura kabla ya kompyuta

Mteja anayeingia katika studio mjini Mwingi siku hizi akitaka sura yake ing'ae juu ya weupe mtupu hatasubiri sana. Mpigapicha ataelekeza taa kali kwenye pazia jeupe lililo nyuma yake, aongeze nyingine mbele ili vivuli vya puani na kidevuni vififie, kisha amalizie kwenye kompyuta. Akikosea, atabonyeza kitufe na kurudi alikotoka.

Omar Said Bakor hakuwa na kitufe hicho.

Alizaliwa Lamu mwaka wa 1932 katika ukoo wenye asili ya Yemen. Upigaji picha alijifunza mwenyewe bila kukaa mbele ya mwalimu. Kwa takriban miaka kumi alizunguka mitaani na kamera yake akitafuta wateja, hadi mwaka wa 1962 alipofungua Bakor Studio katika mji huo huo wa kisiwani.

Mombasa nako kulikuwa na wapigapicha waliotajika, miongoni mwao N. V. Parekh, ambaye kwa taa zake aliwapa wateja wa kawaida haiba ya waigizaji wa sinema. Bakor alishika njia yake. Kwake yeye, kubonyeza kamera kulikuwa mwanzo tu. Mengi yalitendeka baadaye, katika chumba cha giza.

Kazi ya chumba hicho haikuwa nyepesi. Karatasi ya picha huwa nyeupe, na mahali palipoguswa na nuru ndipo hugeuka peusi inapotiwa dawa. Anayetaka weupe uizunguke sura sharti aizuie nuru isifike pembeni, kwa kadi iliyokatwa kwa kipimo, huku sura yenyewe ikimulikwa kwa sekunde chache. Akitaka kuingiza picha ya pili, hubadilisha negativu, akafunika alipokwisha kuchapa na kufunua palipobaki. Hayo yote hufanyika chini ya taa nyekundu hafifu, na kosa halionekani mpaka karatasi iwe ndani ya dawa. Hapo hakuna la kufanya ila kuitupa na kuanza upya na karatasi nyingine, ambayo nayo ni pesa.

Kwa ufundi wa namna hiyo, Bakor alitoa picha zilizowashangaza watu: sura ya mwanamke ikichomoza katika ua, nyuso zilizoondolewa mahali pake na kupachikwa katikati ya vitu ambavyo kamera haikuwahi kuviona pamoja.

Ikumbukwe kwamba haya yalifanyika Lamu, mji wa misikiti na wanazuoni, ambako suala la kutengeneza sura ya kiumbe halikuwa dogo. Picha ya mwanamke aliyejipamba haikufaa kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake. Mpigapicha alikuwa mtu wa kuaminiwa. Negativu aliyobaki nayo ilikuwa sitara ya nyumba ya watu. Huenda ndiyo sababu sura ndani ya ua ilikubalika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa haikujidai kuwa mtu kamili. Hata hivyo, itakuwa kumpunja Bakor kudhani kwamba alisukumwa na tahadhari peke yake. Picha zake zina mzaha na furaha ya mtu aliyependa kujaribu.

Alifariki mwaka wa 1993, kabla ya kamera za dijitali kuenea nchini, na wanawe wakaiendeleza studio. Miaka mitano baadaye, mnamo 1998, kazi yake ilitiwa katika maonyesho ya wapigapicha wa studio za Afrika mjini Munich, Ujerumani, na katika kitabu kikubwa cha historia ya picha barani kilichotolewa Paris. Picha zilizofanyiwa kazi gizani katika mji ambao sura hutunzwa ndani ya nyumba zikatazamwa na wageni ukutani, mchana kweupe.