Al-Kindi: Mwanachuoni Aliyehesabu Herufi

Baadhi ya wanafunzi wetu wanaoingia vyuoni huona hesabu na uchambuzi wa takwimu kuwa ni elimu ngeni. Tunawakumbusha Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq al-Kindi.

Alizaliwa Kufa, Iraq, yapata mwaka 801, akasoma Baghdad. Khalifa al-Mu'tasim alimkabidhi mwanawe amsomeshe. Aliandika juu ya hesabu, tiba, nyota na muziki.

Katika risala yake ya kufumbua maandishi ya siri alieleza kuwa kwanza huchukuliwa maandishi marefu ya lugha ileile, ikahesabiwa kila herufi imetokea mara ngapi. Kisha huhesabiwa alama za siri. Alama iliyokithiri yaelekea ndiyo herufi iliyokithiri. Hii ndiyo takwimu yenyewe, karne nyingi kabla ya kompyuta.

Inasimuliwa kuwa zama za Khalifa al-Mutawakkil mahasidi walimchongea, akapigwa na kunyang'anywa vitabu vyake, kisha akarudishiwa. Alifariki Baghdad yapata mwaka 873.

Basi wanafunzi wetu, anayekwenda chuoni kusoma takwimu asidhani ameiacha njia ya wanavyuoni wetu. Huko nako walishapita.