Audie Murphy

Audie Leon Murphy (20 Juni 1925 – 28 Mei 1971) alikuwa mwanajeshi, mwigizaji wa filamu na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Marekani. Ni mmoja kati ya askari wa Marekani waliotunukiwa nishani nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baada ya vita alicheza katika filamu zaidi ya 40. Watu wengi wanamkumbuka kwa To Hell and Back (1955), ambamo aliigiza maisha yake mwenyewe vitani. Lakini filamu yake inayozungumzwa zaidi na wapenzi wa sinema ni The Red Badge of Courage (1951), ambamo shujaa huyu aliigiza askari kijana anayekimbia mapigano.

Maisha ya awali

Murphy alizaliwa Kingston, kaunti ya Hunt, katika jimbo la Texas, akiwa mtoto wa saba kati ya kumi na wawili wa Emmett Murphy na Josie Bell Killian. Wazazi wake hawakuwa na ardhi. Walilima pamba katika mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, utaratibu uliowaacha wakulima wengi wa kusini mwa Marekani katika madeni yasiyokwisha. Baba alikuwa mtu wa kutoweka na kurudi, hadi siku moja alipoondoka moja kwa moja. Audie aliacha shule akiwa darasa la tano, akaenda kuchuma pamba kwa ujira wa dola moja kwa siku. Alijifunza kulenga shabaha kwa kuwinda wanyama wadogo ili ndugu zake wapate kitoweo. Kwa kuwa risasi zilinunuliwa kwa fedha ambayo haikuwepo, ilimpasa kutokosea.

Mama yake alifariki mwaka 1941. Wadogo zake watatu wakapelekwa katika kituo cha kulelea yatima.

Desemba mwaka huohuo Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Audie alitaka kujiunga na jeshi lakini umri wake haukufika. Dada yake Corinne alimsaidia kupata hati iliyoonyesha kwamba alizaliwa mwaka 1924. Hata hivyo Marines walimkataa, na askari wa miavuli pia, kwa sababu ya udogo wa umbo: alikuwa na urefu wa takriban sentimita 166 na uzito wa takriban kilo 51. Jeshi la nchi kavu ndilo lililomchukua, tarehe 30 Juni 1942. Katika mafunzo alizimia gwarideni, na mkuu wake akafikiria kumpeleka akasomee upishi. Murphy alikataa jiko na kusisitiza apelekwe mstari wa mbele.

Vitani

Mwanzoni mwa 1943 alifika Moroko pamoja na Divisheni ya 3 ya askari wa miguu, katika kombania B ya Rejimenti ya 15. Julai mwaka huo alishuka Sisilia, kisha Italia bara, ambako alipigana karibu na Salerno na baadaye Anzio. Mara kadhaa aliugua malaria, ugonjwa uliowapiga askari wengi katika nchi hizo wakati ule. Alipanda cheo kwa haraka, na sababu mojawapo ilikuwa ya kusikitisha: waliokuwa juu yake walikuwa wakiuawa.

Tarehe 15 Agosti 1944 divisheni yake ilitua kusini mwa Ufaransa. Siku hiyohiyo rafiki yake mkubwa, Lattie Tipton, alisimama kuwapokea Wajerumani waliojifanya wanajisalimisha, akapigwa risasi na kufa. Murphy alisonga peke yake na kuwaua waliokuwa kwenye vituo vile vya bunduki. Kwa tendo hilo alipewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Oktoba akafanywa luteni usu, na siku chache baadaye mdunguzi akampiga risasi ya nyonga. Kidonda kilioza, naye akalazwa hospitali hadi Januari 1945.

Tendo lililomfanya ajulikane dunia nzima lilifanyika tarehe 26 Januari 1945 karibu na kijiji cha Holtzwihr, katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Ardhi ilikuwa imefunikwa na theluji. Kombania yake, ambayo sasa aliiongoza yeye kwa sababu maofisa wengine walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, ilishambuliwa na vifaru sita pamoja na askari wengi wa miguu. Murphy aliwaamuru watu wake warudi msituni, yeye akabaki na simu akielekeza mizinga ya upande wake mahali pa kupiga. Nyuma yake gari moja la kivita la Wamarekani lilikuwa limepigwa na linaungua. Alipanda juu yake, akashika bunduki kubwa ya rasharasha iliyokuwemo, na kwa muda wa takriban saa moja akawazuia Wajerumani waliomzunguka pande tatu, huku gari likiwa na mafuta na risasi ndani yake na wakati wowote lingeweza kulipuka. Alijeruhiwa mguu. Aliposhuka alikwenda kuwakusanya watu wake na kuwaongoza katika shambulio la kujibu. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Kwa hilo alivishwa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote nchini Marekani, tarehe 2 Juni 1945 karibu na Salzburg, Austria. Alipewa pia nishani tatu za waliojeruhiwa, na nyingine kutoka Ufaransa na Ubelgiji.

Kuingia katika filamu

Julai 1945 jarida la Life liliweka picha yake kwenye jalada. Mwigizaji mashuhuri James Cagney aliiona, akamwalika Hollywood. Hakuwa amesomea uigizaji, na miaka ya kwanza ilikuwa migumu: kwa muda alilala katika ukumbi wa mazoezi ya viungo wa rafiki yake. Alipata nafasi ndogo mwaka 1948, na nafasi yake ya kwanza kama mhusika mkuu ilikuwa katika Bad Boy (1949). Mwaka huo wa 1949 kilitoka pia kitabu chake cha kumbukumbu za vita, To Hell and Back, alichokiandika kwa msaada wa rafiki yake, mwandishi David McClure.

The Red Badge of Courage

Mwaka 1950 mwongozaji John Huston alimchagua Murphy kuwa mhusika mkuu katika filamu aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili ya kampuni ya MGM. Filamu ilitokana na riwaya ya Stephen Crane iliyotoka mwaka 1895, ambayo jina lake lina maana ya Nishani Nyekundu ya Ujasiri. Inahusu Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Wanafunzi wa fasihi waangalie jambo moja hapa: Crane alizaliwa mwaka 1871, vita vikiwa vimekwisha, na alipoandika riwaya hiyo hakuwa ameona mapigano hata mara moja.

Hadithi ni ya Henry Fleming, kijana kutoka shambani ambaye kabla ya mapigano ya kwanza anajiuliza usiku kucha kama atasimama au atakimbia. Adui anaposhambulia mara ya pili, anakimbia. Anatangatanga katikati ya majeruhi akiwaonea wivu kwa vidonda vyao, maana kidonda ni ushahidi kwamba mtu alisimama. Hiyo ndiyo nishani nyekundu inayotajwa katika jina. Anamwona rafiki yake akifa. Kisha anapigwa kichwani kwa kitako cha bunduki na askari wa upande wake mwenyewe aliyekuwa akikimbia. Anarudi kikosini na kudanganya kwamba alipigwa risasi. Kesho yake anapigana kama mwendawazimu na kubeba bendera mbele ya wenzake.

Uchaguzi huo ulikuwa wa ajabu, na si kila mtu katika kampuni aliuafiki. Mtu aliyekuwa na nishani tatu za majeraha ya kweli alitakiwa kumwigiza mwenye jeraha la uongo. Huston, ambaye naye alikuwa ametengeneza filamu za kumbukumbu kwa ajili ya jeshi wakati wa vita, aliona kwamba uso wa kitoto wa Murphy ulificha kitu ambacho mwigizaji wa kawaida asingeweza kukibuni. Rafiki wa Henry aliigizwa na Bill Mauldin, ambaye hakuwa mwigizaji bali mchora katuni aliyependwa na askari wa Marekani barani Ulaya. Katika tukio moja vijana hao wawili wanakiri kila mmoja kwa mwenzake kwamba walikimbia. Mauldin alisimulia baadaye kwamba Murphy alipata shida na tukio hilo, kwani haikuwa rahisi kwake kukiri woga mbele ya mtu aliyekuwa mchora katuni vitani.

Picha zilipigwa California, baadhi katika ranchi ya Huston mwenyewe. Nyuma ya kamera kulikuwa na ugomvi mwingine. Louis B. Mayer, mkuu wa siku nyingi wa MGM, hakuitaka filamu hiyo kwa kuwa haikuwa na hadithi ya mapenzi wala nyota wakubwa; Dore Schary, mkuu wa utayarishaji, aliitaka. Schary alishinda, na mwaka 1951 Mayer aliondoka katika kampuni. Lakini filamu ilipojaribiwa mbele ya watazamaji, baadhi yao walicheka mahali pasipo pa kuchekesha na wengine wakatoka nje. Wakubwa wa kampuni wakaogopa. Walikata matukio kadhaa, likiwemo lile la kifo cha askari mwenye nguo zilizochanika ambalo waliokuwa wameiona filamu nzima walilisifu sana, wakaongeza sauti ya msimulizi inayosoma maneno ya riwaya, na kuifikisha filamu kwenye dakika 69.

Huston hakuwepo kuitetea. Alikuwa amekwisha kuja Afrika kutengeneza The African Queen, filamu inayohusu Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, ambayo sehemu zake zilipigwa Kongo na Uganda. Toleo lake refu la The Red Badge of Courage halikuonyeshwa tena. Mwandishi wa habari Lillian Ross, aliyekuwa akiifuatilia kazi hiyo tangu mwanzo, aliyaeleza yote katika kitabu chake Picture (1952), na kitabu hicho bado kinasomwa na wanaotaka kujua jinsi Hollywood inavyofanya kazi.

Kifedha filamu ilishindwa. Pamoja na hayo, hata katika hali hiyo ya kukatwakatwa, inahesabiwa kuwa kati ya filamu bora za vita za wakati wake, na haki yake ipo. Murphy haonyeshi woga kwa kutetemeka wala kupiga kelele. Anauonyesha kwa macho tu. Mtazamaji anayejua habari za Holtzwihr atapata tabu kuamini kwamba ni mtu yuleyule, au pengine ataelewa kwamba ndivyo ilivyo hasa.

Filamu za baadaye

Kwa miaka mingi Murphy alifanya kazi na kampuni ya Universal, hasa katika filamu za makauboi, ambazo nyingi zilitengenezwa haraka na kwa gharama ndogo. Mwaka 1955 alikubali, baada ya kusita, kuigiza nafasi yake mwenyewe katika To Hell and Back. Ilikuwa filamu iliyoiingizia Universal fedha nyingi. Alicheza pia katika The Quiet American (1958), na tena chini ya Huston katika The Unforgiven (1960).

Maisha binafsi na matatizo

Alimwoa mwigizaji Wanda Hendrix mwaka 1949, lakini ndoa haikudumu. Mwaka 1951 alimwoa Pamela Archer, wakapata watoto wawili wa kiume.

Vita havikumwacha. Alisumbuliwa na jinamizi, hakupata usingizi, na alilala na bastola yenye risasi chini ya mto. Alipoanza kutumia dawa za usingizi alizitegemea mpaka zikamtawala. Alipotambua hivyo alijifungia peke yake katika chumba cha moteli kwa siku kadhaa hadi akaziacha. Kamari na biashara zilizoanguka zilimfilisi, lakini alikataa matangazo ya pombe na sigara akihofia mfano mbaya kwa vijana. Wakati ambapo askari walitarajiwa kunyamaza, yeye alieleza hadharani hali yake na kuitaka serikali iwatibu waliorudi kutoka Korea na Vietnam. Hali hiyo iliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, miaka tisa baada ya kifo chake.

Kifo

Tarehe 28 Mei 1971 ndege ndogo aliyosafiria iligonga mlima Brush, karibu na Roanoke, jimbo la Virginia, katika mvua na ukungu. Rubani na abiria wote watano walikufa. Murphy alikuwa na umri wa miaka 45.

Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington tarehe 7 Juni 1971. Mawe ya wenye Nishani ya Heshima kwa kawaida hupambwa kwa dhahabu. Lake, kwa matakwa yake, ni la kawaida kama ya askari wengine. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa juu yake ni 1924, ule wa hati aliyosaidiwa na dada yake.