Norbert Wiener: alitaka mashine imrudishie mtu mkono, si imnyang'anye kazi

Mtu aliyekatwa mkono bado anaweza kutaka kuukunja. Ubongo hutuma amri, na misuli iliyobaki kwenye kigutu huitikia kwa umeme mdogo sana, wa milivolti chache tu. Mmarekani Norbert Wiener alikuwa miongoni mwa waliotambua mapema kwamba umeme huo ukikuzwa unaweza kuongoza mota ya mkono wa bandia.

Wiener alizaliwa mwaka 1894 mjini Columbia, jimbo la Missouri. Baba yake, mhamiaji kutoka himaya ya Urusi na mwalimu wa lugha, alimfundisha nyumbani kwa ukali. Kijana huyo alihitimu chuo akiwa na miaka 14, akapata shahada ya udaktari Harvard akiwa na miaka 18. Kuanzia mwaka 1919 alifundisha hisabati katika chuo cha MIT.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitafuta namna ya kusaidia mizinga kulenga ndege. Kazi hiyo ilimwonyesha kwamba mashine, kama mwili wa binadamu, hujirekebisha ikipata habari za matokeo ya kitendo chake. Mwaka 1948 alieleza elimu hiyo katika kitabu chake, Cybernetics.

Vita vilipokwisha, alikataa hadharani kusaidia utengenezaji wa makombora. Mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, akimwonya kwamba mashine zinazojiendesha zingewaacha wengi bila ajira.

Mwaka 1961 alianguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Akiwa hospitalini Boston, alizungumza na madaktari kuhusu wazo lake la mkono. Kanuni yake haina uchawi. Dereva wa lori hasukumi mzigo kwa mguu wake. Hukanyaga pedali tu, na nguvu hutoka kwenye mafuta. Vivyo hivyo, sensa zilizobandikwa kwenye ngozi hunasa ishara ya msuli, amplifaya huikuza, kisha ishara hiyo huamua ni kiasi gani cha umeme wa betri kifike kwenye mota. Msuli hutoa amri, betri hutoa nguvu.

Wiener alifariki Stockholm mwezi Machi 1964, kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1968 mkono ulioitwa Boston Arm ulionyeshwa hadharani. Kiwiko chake kiliendeshwa na mota iliyotii misuli ya mvaaji. Miongoni mwa walioufadhili ni kampuni ya bima iliyokuwa ikilipa fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini.

Leo mikono ya bandia na roboti za kuvaliwa bado hutumia kanuni hiyo. Onyo lake nalo halijazeeka: teknolojia ileile inaweza kumrejesha kazini aliyepoteza mkono, au kumwondoa kazini mwenye mikono yote miwili. Uamuzi ni wa watu, si wa mashine.