Terzaghi, mhandisi aliyeupima udongo kabla ya kuujengea

Mvua inyeshapo katika nyanda za udongo mweusi wa Isiolo, pande za Garbatulla, ardhi hufura. Jua likirudi, hunywea na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu ya msingi mfupi hupanda na kushuka nayo, na kuta hufanya nyufa. Aliyewapa wahandisi msingi wa kukadiria mwendo huo ni Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague tarehe 2 Oktoba 1883.

Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, kisha akageukia ujenzi. Mwaka 1916 alikwenda Istanbul kufundisha. Huko, kwa vifaa duni alivyojiundia, alibaini kwamba nguvu ya udongo haitokani na uzito wote unaoulemea, bali sehemu ile inayobebwa na chembe zake baada ya kutoa shinikizo la maji yaliyo kati yao. Kitabu chake cha 1925 kiliasisi taaluma nzima. Baadaye alifundisha Vienna na Harvard.

Waliomfuata waliitumia kanuni hiyo katika kusanifu nguzo za msingi za majengo mazito. Nguzo hupenyezwa kupita tabaka linalofura hadi lile lisilobadilika masika wala kiangazi. Wasanifu wengi wazembe huhesabu uzito unaoshuka peke yake, ilhali udongo ukifura huishika nguzo ubavuni na kuivuta juu. Isipozama vya kutosha, hung'oka. Chuma chake kikipungua, hukatika. Ndiyo maana pia huachwa nafasi tupu chini ya boriti za msingi. Terzaghi mwenyewe hakuziamini fomula za kukisia uwezo wa nguzo kwa mapigo ya nyundo. Alitaka ijaribiwe kwa mzigo halisi.

Kenya ilimjua katika miaka ya 1950, alipokuwa mshauri wa bwawa la Sasumua, Kinangop. Udongo wa huko si ule mweusi wa Isiolo, lakini vipimo vya kawaida viliuonyesha kuwa haufai. Uchunguzi wa madini yake ulifichua haloisaiti, ambayo chembe zake zilishikamana kwa vishada imara. Ukuta ukajengwa kwa udongo uleule, naye akachapisha maelezo yake mwaka 1958. Maji ya Sasumua yangali yakinywewa Nairobi.

Terzaghi alifariki dunia Winchester, Massachusetts, tarehe 25 Oktoba 1963, akiwa na umri wa miaka 80.