Mahalia Jackson: Mwimbaji Aliyekataa Vilabu



Katika Chama chetu cha Kiswahili kuna mjadala usiokwisha: je, wimbo wa dini ukitiwa ngoma na gitaa hata watu wakaanza kutikisa mabega, bado ni wimbo wa dini? Wengine husema ati huo ni udisko uliovishwa kanzu. Mimi ni mwanakwaya, na nimewahi kuambiwa na mtu mzima ninayemheshimu kwamba nikipiga ngoma kanisani ninamwita shetani. Sikumjibu. Badala yake nimekuletea maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyepigana vita hivi kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, tena akapigwa kutoka pande zote mbili.

Jina lake Mahalia Jackson. Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1911 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, karibu na mto Mississippi. Nyumba yao ilikuwa ndogo na watu tele. Baba yake alikuwa kinyozi, na Jumapili alihubiri, lakini hakuishi nao. Mama yake, Charity, aliaga dunia binti akiwa bado mdogo, akalelewa na dada ya mamake. Huyo mama hakuwa na mchezo: kazi, shule, kanisa, basi. Nyimbo za dunia zilikuwa haramu nyumbani kwake.

Lakini wapi! Muziki haufungiwi mlango. Mahalia aliimba katika kwaya ya Wabaptisti, nyimbo za taratibu za kitabuni. Jirani yao palikuwa na kanisa jingine dogo, la watu walioamini kwamba Mungu husifiwa kwa mwili mzima. Hawakuwa na kinanda. Walikuwa na ngoma, matari, makofi na visigino vya viatu sakafuni. Binti alisimama nje akasikiliza mdundo ule ukamwingia. Tena binamu yake alikuwa na sahani za santuri za Bessie Smith, malkia wa bluzi, yaani zile nyimbo za majonzi na mapenzi za Wamarekani weusi. Mwenye nyumba akitoka kwenda kazini, santuri inawekwa! Kwa maoni yangu sauti ya Mahalia ilipikwa hapo: maneno ya Wabaptisti, mdundo wa kanisa la jirani, na kilio cha Bessie.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamia Chicago kama maelfu ya watu weusi waliokimbia ubaguzi na umaskini wa kusini. Alifua nguo za watu, akafagia vyumba vya hoteli, na Jumapili akaimba katika kanisa la Greater Salem. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Makanisa makubwa ya watu weusi wa Chicago yalitaka kuonekana yamestaarabika, na kwaya zao ziliimba nyimbo za Kizungu, mikono imetulia. Huyu msichana wa kusini alipiga makofi, akajitikisa, jasho likamtoka. Mhubiri mmoja alimkemea kwa kuleta vituko madhabahuni. Mahalia alijitetea kwa Zaburi, ambayo inatuamuru tumpigie Bwana kelele za shangwe. Alipojaribu kujifunza kuimba kisomi alilipa dola 4 kwa somo moja, pesa nyingi kwa dobi, na mwalimu akamwambia aache kupiga mayowe. Hakurudi tena. Mimi nasema heri hakurudi.

Upande wa pili nao ulimvuta. Mnamo 1936 aliolewa na Isaac Hockenhull, bwana aliyesoma kemia, ambaye aliona kwamba sauti ile ikibaki kanisani ni mali inayooza. Kabla ya hapo babu yake Mahalia alikuwa amekuja Chicago kumtembelea akaugua ghafla, na mjukuu akaweka nadhiri kwamba mzee akipona, yeye hatakanyaga ukumbi wa maigizo maishani. Mzee akapona. Sasa mume anamshurutisha ajaribiwe kwa mchezo wa nyimbo ulioitwa The Swing Mikado, na nyumbani hakuna senti. Alikwenda, akaimba, akachaguliwa. Siku hiyo hiyo mume alirudi na habari kwamba amepata kazi, na papo hapo Mahalia akaikataa nafasi yake. Ndoa haikudumu, na farasi wa mashindano ambao mume alipenda kuwachezea kamari hawakuisaidia.

Mnamo 1937 alirekodi nyimbo 4 na kampuni ya Decca. Hazikuuzwa. Wenye kampuni walimtaka aimbe bluzi, akakataa, nao wakamwacha. Ikapita karibu miaka 10 bila rekodi. Hebu fikiria, miaka 10! Ni mtu mwenye njaa huyu, si mtakatifu wa kuchorwa ukutani. Alifungua saluni, akasuka watu nywele, na baadaye akawa na duka la maua. Alizunguka pia na Thomas Dorsey, yeye akiimba barabarani na Dorsey akiuza karatasi za nyimbo. Dorsey mwenyewe alikuwa zamani mpiga kinanda wa bluzi, mashuhuri kwa jina la Georgia Tom. Mnamo 1932 mke wake alifariki akijifungua na mtoto naye akafa, na katika msiba huo Dorsey akatunga wimbo Take My Hand, Precious Lord. Ushike wimbo huo, tutakutana nao tena.

Mwaka 1947 Mahalia alirekodi Move On Up a Little Higher kwa kampuni ya Apollo. Maduka yaliishiwa, na inasemekana ziliuzwa sahani zaidi ya milioni moja. Mnamo Oktoba 1950 aliimba katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, ukafurika. Wenye vilabu vya usiku wakaja na mabunda ya pesa, hata, husimuliwa, dola 25,000 kwa wiki moja huko Las Vegas. Akakataa. Kwake neno la Mungu halikuwa la kuimbiwa watu wenye glasi za pombe mkononi.

Hapa ndipo wenzangu wa mjadala huniuliza: mbona basi mnamo 1958 aliimba katika tamasha la jazi la Newport? Mbona mwaka huo huo alirekodi na Duke Ellington na bendi yake? Ni kweli, alifanya hivyo. Newport aliimba Jumamosi usiku kuamkia Jumapili, na maelfu waliokuja kwa ajili ya jazi wakasikiliza nyimbo za Bwana. Nionavyo mimi, hakuogopa ngoma wala tarumbeta. Alichunga maneno, na alichunga mahali. Je, tamasha la jazi na klabu vina tofauti kubwa hivyo? Mimi sina hakika kwamba mpaka wake ulinyooka kila siku. Lakini aliuchora mwenyewe na kuulipia mwenyewe.

Sifa hazikumkinga na ubaguzi. Aliponunua nyumba katika mtaa wa Wazungu Chicago, risasi zilivunja madirisha yake, ikabidi polisi walinde. Aliimba bure Montgomery mwaka 1956 kuchangia waliogomea mabasi, na tangu hapo akawa karibu na Martin Luther King. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao 250,000 mjini Washington, aliimba kabla ya King kuhutubu. Katikati ya hotuba alimpigia kelele kutoka nyuma awaeleze watu juu ya ile ndoto. King akaiacha karatasi yake. Kumbe yale mayowe aliyokatazwa na mwalimu!

King alipouawa mnamo 1968, Mahalia aliimba Precious Lord kwenye mazishi. Dakika chache kabla ya kupigwa risasi King alikuwa ameomba upigwe wimbo huo huo jioni ile, wimbo wa yule mpiga bluzi.

Moyo ulimsumbua miaka mingi, na tarehe 27 Januari 1972 aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 60. Maelfu walipita mbele ya jeneza lake Chicago, kisha akarudishwa Louisiana kuzikwa. Katika ibada ya Chicago aliyeimba Precious Lord alikuwa Aretha Franklin, binti wa mchungaji, ambaye alikuwa ameuvuka mpaka ule na kutajirika kwa nyimbo za mapenzi. Wiki mbili tu kabla ya msiba huo, Aretha alikuwa ameingia katika kanisa moja la Los Angeles na kurekodi, kwa usiku mbili, nyimbo za Injili tupu.